Mkia wa Rangi ya Fedha

Rubani Njeru wa Manyatta alikufa kwa sababu waya mmoja wa chuma ulikatika mkiani mwa ndege, na kila aliyeulizwa nani aliufunga waya huo alisema si yeye wala hamjui.

Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mabawa mawili yaliyopandana, kiunzi cha mbao na chuma kilichovishwa kitambaa. Tangu enzi za mkoloni ilikuwa ikinyunyizia dawa mashamba ya pamba ya Mbeere. Kampuni ilipofungwa, iliachwa chini ya turubai kando ya uwanja wa vumbi, na kuku wa mlinzi wakapata pa kutagia. Ukaja mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi. Mwirigi, tajiri wa miraa kutoka Mikinduri aliyekuwa akiutafuta ubunge, akainunua. Alitaka ipite juu ya masoko ikimwaga karatasi zenye picha yake, ili wapinzani waliokuwa wakizunguka na pikapu na vipaza sauti waonekane washamba. Ilipita juu ya soko moja tu. Njeru alipoigeuza ili arudi, ilikataa kumtii, ikashuka kwenye shamba la mtama na kuwaka moto kuanzia kwenye injini.

Mkia haukuungua. Inspekta Muthamia wa upelelezi, aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa mwenye ndege alikuwa mtu wa Meru, aliuzunguka mpaka viatu vikajaa majivu. Ndege yote ilikuwa ya manjano, ila kibao cha nyuma kabisa, kile kinachogeuza ndege kushoto na kulia, kilikuwa na rangi ya fedha. Walipouinua mkia kutoka udongoni aliona jambo jingine: upande wa kushoto, uliokuwa umelalia chini, mtu alikuwa ameanza kupaka manjano juu ya ile fedha, upana wa kiganja, kisha akaacha.

Mkaguzi wa ndege aliyetoka Nairobi alimweleza. Rangi ya fedha ni ile ya kwanza, ya kukinga kitambaa na jua; manjano huja baadaye. Kwa hiyo kibao kilikuwa kimetolewa kwenye ndege nyingine, kikavishwa kitambaa kipya, kikafungwa siku chache tu kabla ya ajali. Waya wa kukivuta ulikuwa wa zamani, kutu imeula kwa ndani. Lakini ncha yake ilikuwa imesukwa vizuri sana.

"Huu ni mkono wa fundi," mkaguzi alisema. "Na fundi mwenye mkono huu aliuona waya huu umeoza. Hilo ndilo jambo nisilolielewa."

Muthamia alianza na mwenye mali. Mwirigi alimpokea katika ofisi yake Meru mjini, akaagiza chai, akamwita ndugu, maana walikuwa wa ukoo mmoja na mama zao walichota maji kijito kimoja. Alisema ndege aliinunua ilivyo, ikaruka ilivyo. Hakuita fundi. Aliyesema iko sawa ni Njeru mwenyewe. Kama mkono ulipita pale, basi ni wa wapinzani, na yeye alikuwa na jina: kijana mmoja wa upande wa pili aliyejigamba kwenye baa kwamba ile ndege itaanguka kabla ya kura. Muthamia alimfuata kijana huyo kwa siku kadhaa, akampata, akamkalisha. Ikawa kwamba tangu ajigambe hadi ndege ilipoanguka, alikuwa mahabusu katika kituo kingine kwa kumvunja mtu jino. Kelele zilikuwa zake, ajali haikuwa yake.

Mlinzi wa uwanja, mzee Gachoki, naye alisema hakumwona mtu isipokuwa rubani. Alisema hivyo akitafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, na kutazama pembeni. Konstebo Gatwiri, msichana wa Embu aliyefanya kazi na Muthamia, hakumbana. Alimuuliza habari za kuku wake tu. Mzee akachangamka. Kuku walikuwa wazima, hata mayai hayakuvunjika. Walihamishwa vizuri kutoka ndani ya ndege, wakatandikiwa majani makavu kwenye karai.

"Njeru ndiye aliwahamisha?" Gatwiri aliuliza.

Mzee alitema majani. "Njeru alikuwa anaogopa kuku."

Basi kulikuwa na mtu wa tatu, mpole, anayejua ndege. Kampuni ya pamba ilikuwa na mafundi watatu. Mmoja alikuwa amekufa, mmoja alihamia Tanzania. Aliyebaki aliitwa Salesio, na aliishi Kinoru, nyuma ya uwanja wa mpira.

Walifika mchana. Mke wa Salesio, Jedidah, alikuwa barazani akishona sare za shule, tepu ya kupimia shingoni. Aliwaambia mume wake yuko ndani anarusha ndege, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kuchekwa. Walipokuwa wakingojea aitwe, Muthamia alimuuliza kwao ni wapi. Jedidah akajibu kwamba yeye ni wa hapa Imenti, mzee ndiye wa Tharaka, na akautaja ukoo wa mumewe. Muthamia aliitikia kwa kichwa. Gatwiri aliona tu kwamba mkubwa wake amenyamaza ghafla.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na juu ya meza kompyuta kuukuu ambayo shirika moja la misaada liliiuza lilipofunga ofisi. Salesio alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa waya. Hakushtuka kuona polisi. Aliwapa viti, yeye akaketi kitandani.

Ukutani palikuwa na picha moja ya rangi: mafundi na marubani wa kampuni, wamesimama mbele ya ile ndege, ya manjano kuanzia pua hadi mkia.

Kwenye skrini palikuwa na ndege ileile, imetulia juu ya nchi ya kijani isiyo na nyumba wala watu. Gatwiri aliinama kuitazama akasahau kazi. Salesio alimweleza bila kuringa. Ulikuwa mchezo wa kurusha ndege, na ulikuja na ndege zake, nyingine za zamani kabisa. Rangi zilizokuja nazo zilikuwa za Ulaya na Amerika, hakuzipenda. Kwa hiyo aliifungua picha ya ngozi ya ndege, ile inayoivisha rangi, akafuta, akapaka upya kidoti kwa kidoti, kila ndege iliyowahi kutua Kenya na yeye akaigusa. Ndege moja ilimchukua mwezi. Stima ikipotea kabla hajahifadhi kazi, alianza tena.

"Na inaweza kuanguka?" Gatwiri aliuliza.

"Inaanguka. Halafu unabonyeza hapa, unarudi uwanjani."

Muthamia alimuuliza lini aliiona ndege ya manjano kwa mara ya mwisho. Salesio alisema tangu kampuni ifungwe. Leseni yake ya ufundi iliisha muda wake, hakuwa na ruhusa ya kugusa ndege ya mtu, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Aliyasema hayo akiangalia mikono yake. Hiyo ya kwenye skrini aliipaka kwa kutazama picha ya ukutani.

"Igeuze niione nyuma," Muthamia alisema.

Salesio hakusogea. Gatwiri ndiye aliyebonyeza, akajaribu hiki na kile, ndege ikazunguka polepole kama ng'ombe mnadani. Mkia ukaja mbele yao. Kibao cha nyuma kilikuwa cha rangi ya fedha.

Muthamia aliinuka akaitoa picha ukutani, akaiweka kando ya skrini. Kwenye picha mkia ulikuwa wa manjano. Akatoa mfukoni moja ya karatasi za kampeni za Mwirigi, zilizopigwa chapa wiki ileile ndege iliponunuliwa, tajiri amesimama kando ya ndege yake. Mkia, manjano.

"Hii fedha uliitoa wapi?"

"Gazetini, afande. Ilipigwa picha ikiwa imeanguka."

"Picha za gazeti ni nyeusi na nyeupe."

"Ilionekana nyeupe kidogo. Nikafikiria tu."

"Sawa. Gatwiri, zungusha tena. Upande wa kushoto."

Ndege ikazunguka. Chini ya kibao, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya manjano, upana wa kiganja, ukingo wake umechongoka mahali brashi ilipoinuliwa.

"Picha ya gazeti ni ya upande wa kulia," Muthamia alisema. "Wa kushoto ulikuwa umelala kwenye udongo, na sisi tulipouinua tukaufunika. Ameuona mkaguzi, nimeuona mimi na huyu konstebo. Na mtu mwingine mmoja, yule aliyeshika brashi."

Salesio alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alisema, kwa adabu, kwamba hana la kuongeza, na kama wanataka kumpeleka kituoni wampeleke, ila wamwache amuage mke wake kwanza.

Hapo Muthamia alikuwa na njia mbili. Angeweza kumchukua na hiyo rangi na kuku wa Gachoki, faili ikaenda nusu nusu, na wakili yeyote wa Meru angeipasua. Au angeweza kutumia kile alichokisikia barazani. Alimwambia Gatwiri amngojee nje, na mlango ukafungwa.

Kisha Muthamia akautaja ukoo wake mwenyewe.

Salesio alisimama. Hakuna Mmeru wala Mtharaka wa rika lao anayehitaji kuelezwa gichiaro ni nini, lakini kwa asiyejua ni hivi: ni undugu wa ukoo na ukoo, uliofungwa na mababu kwa damu, na wenye ndugu hao hawaoani, hawadhuriani. Mtu wa gichiaro akikuomba ng'ombe pekee uliye naye, unafungua zizi. Akikuuliza, humdanganyi. Watu wamesoma, wameokoka, wamehamia mjini, na jambo hilo hawajaliacha, kwa sababu kila nyumba inamjua mtu aliyelivunja na yaliyompata.

"Ungeniambia ulipoingia," Salesio alisema.

"Nakuambia sasa."

"Ungeniambia mlangoni nisingekudanganya juu ya gazeti. Umeniacha nikudanganye."

"Nakuomba," Muthamia alisema, kwa Kimeru sasa, kwa maneno yale yanayotumika. "Usininyime. Nani aliufunga waya?"

"Mimi."

"Nani alikuita?"

Salesio alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Alikuja hapa mwenyewe. Akaketi kiti hicho ulichokalia. Akautaja ukoo wenu, kama ulivyoutaja, akasema nakuomba, usininyime. Nyinyi mnafundishwa mahali pamoja?"

Alieleza yote, na hakuficha hata yaliyomuumiza. Mwirigi alitaka ndege iruke kabla ya siku ya soko. Salesio alikwenda Mbeere, akatoa kuku, akakagua. Kibao kilikuwa kimeliwa na mchwa; akakitafutia kingine kwenye mzoga wa ndege nyingine uliokuwa uwanjani hapo, akakivisha kitambaa. Waya alipoukunja aliusikia ukilia ndani. Akamwambia Mwirigi huu haufai, lazima mwingine utoke Nairobi. Mwirigi akasema soko halingoji. Salesio akasema hapana. Mwirigi akamuuliza, kwa upole, kama anamkatalia mtu wa gichiaro.

"Nikaufunga," Salesio alisema. "Nikampa Mwirigi maneno ya kumwambia rubani: ukiruka, ruka moja kwa moja. Ukigeuka, geuka kwa mduara mkubwa, kama unapita nje ya kijiji kizima. Usikanyage kanyagio la mkia ghafla. Akasema atamwambia rubani."

"Alimwambia?"

"Mimi nitajuaje? Nilianza kupaka manjano, nikasikia yule rubani kijana atafika jioni. Nikaacha brashi nikamngojea, nimwambie mwenyewe. Hakufika. Pikapu ya Mwirigi ilikuwa inarudi Meru, nikaona nikikosa hiyo nitalala na kuku. Nikapanda." Aliitazama skrini. "Nilipanda, afande. Heri ningelala na kuku."

Kompyuta ilikuwa ikinguruma peke yake. Muthamia aliuliza lile ambalo halikuhitajika kwenye faili: kwa nini aliipaka ile fedha? Mtu anayejificha angeipaka manjano tupu, na leo asingeshikwa.

Salesio alisema alijaribu. Aliipaka manjano mwanzoni. Lakini ile haikuwa ndege ya Njeru, ilikuwa ndege nyingine tu, na kuirusha hakukuwa na maana. Aliburuta kiti, akaketi mbele ya skrini bila kuomba ruhusa, akashika mpini wa kuendeshea. Ndege ikaondoka uwanjani. Ikapanda. Mahali fulani juu ya kijani kitupu, mahali ambapo yeye alijua ni soko, akaanza kuigeuza. Hakuharakisha. Bawa liliinama kidogo tu, na mduara ukawa mkubwa mno hata Muthamia akadhani amesahau kugeuka. Barazani cherehani ya Jedidah ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Mwishowe uwanja ukatokea mbele, mstari wa udongo, na ndege ikatua juu yake, ikadunda mara moja, ikatulia.

"Inarudi," Salesio alisema. "Ukiigeuza hivyo, na waya uleule, inarudi. Kila mara. Kijana angeambiwa tu."

Muthamia alimwita Gatwiri. Mbele yake alimsomea Salesio onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote, jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla mzee hajafungua mdomo. Salesio aliuliza kama bado anaombwa au sasa ni sheria. Muthamia akasema anaombwa. Basi Salesio akayarudia yote na kutia sahihi. Gatwiri aliandika bila kuinua kichwa, na walipotoka nje na mtuhumiwa alimuuliza mkubwa wake, kwa sauti ya chini, alimfanya nini mzee mle ndani mpaka akafunguka hivyo.

"Nilimuuliza," Muthamia alisema.

Jedidah hakulia. Alimletea mumewe sweta, akamwambia Muthamia kituoni kuna baridi, kana kwamba Muthamia hakujua.

Siku iliyofuata Muthamia alikwenda kwa Mwirigi na ile taarifa. Alijua ana mtu wake. Mwirigi aliisoma na wakili pembeni, akairudisha mezani taratibu. Fundi asiye na leseni amekiri, alisema. Vizuri. Mengine ni maneno ya mtu anayetafuta wa kushika naye mzigo. Nani mwingine alikuwapo? Gachoki? Gachoki alikuwa amekwisha kusema hakumwona mtu, na alirudia hivyohivyo mbele ya wakili, amevaa koti jipya.

Wakili akatoka kupokea simu. Muthamia akainama mbele.

"Alikukatalia. Ukamwomba kwa gichiaro."

"Nawe uliipataje hiyo habari?" Mwirigi aliuliza. Alikuwa akitabasamu, si kwa ubaya. "Ulimpiga? Hapana, wewe hupigi watu. Ulimwomba. Sasa nenda kortini ukamwambie hakimu gichiaro. Mwambie mimi nilikitumia vibaya. Halafu akuulize wewe ulikitumiaje, ndugu yangu."

Faili ilikwenda kwa mwendesha mashtaka na jina moja. Muthamia aliandika la pili. Likafutwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa kwamba hakuna ushahidi wa kuunga mkono.

Gharama ya yote hayo ni hii.

Njeru alizikwa Manyatta, na mama yake akabaki na mtoto mmoja badala ya wawili. Salesio alifungwa kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hakukata rufaa, maana alisema kila alichoshtakiwa alikuwa amekifanya. Kompyuta iliwekwa stoo ya kituo kama kielelezo. Kesi ilipokwisha, karani aliyekosa mashine ya kuchapia aliifuta yote ili aandikie ripoti, na ndege zote alizopaka Salesio zikaisha siku hiyo. Jedidah alihamia Tharaka na cherehani yake. Mwirigi alipata kiti chake bungeni.

Na wazee wa ukoo wa Salesio walikwenda Mikinduri kwa baba yake Muthamia, mzee asiyejua lolote. Hawakudai ng'ombe wala mbuzi. Hawakunywa uji waliokaribishwa. Walisema wamekuja kumjulisha tu kwamba kuanzia sasa mtu wao akiombwa na mtoto wa nyumba hii ana ruhusa ya kukataa, na akiulizwa, ana ruhusa ya kudanganya. Baba alimtumia Muthamia habari hizo kwa maneno machache, na akaongeza kwamba Krismasi asije.